Namba ya gunia: kutoka koltani mpaka kakao

Wenzangu, wengi wanafikiri kufuata muzigo kwa data iko jambo jipya. Sisi wa Kivu tulishaliona.

Mwezi wa 7, 2010, Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank: kampuni za kwenye soko la hisa kule zieleze kama madini yao yanatoka Kongo ao nchi jirani, kusudi makundi ya silaha yakose feza. Mwezi wa 9, Rais Kabila akasimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa 3, 2011. Wachimbaji wengi wakakosa mukate.

Kisha zikaja etiketi za iTSCi: moja kwenye mugodi, ingine kwa muchuuzi, namba ikiandikwa kwenye daftari halafu kwenye kompyuta. Soko likafunguka kidogo. Lakini wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti etiketi zikiuzwa kama nyanya. Namba inafuata gunia. Haioni nani alilijaza.

Sasa iko zamu ya kakao na kahawa. Sheria ya Ulaya ya 2023 inaomba kipimo cha GPS cha kila shamba, na shamba lililokata pori nyuma ya 31/12/2020 haliuzi kule. Sisi wagronome njo tutapima. Basi tusipime na kuondoka tu: mukulima abaki na nakala ya data yake, na ajue nani anaitumia. Bila ile, tutakuwa tumegawa etiketi zingine tu.