Theluthi Mbili: Historia ya Bunge Lililokwama na Mpiga Kura Aliyechoka

Utangulizi

Katika somo la msamiati wa siasa na sheria, neno moja huwasumbua sana wanafunzi wetu, nalo ni "akidi". Kamusi hulieleza kwa ufupi: ni idadi ya wajumbe inayotosha ili kikao kiweze kufanyika kihalali. Maana hiyo ni rahisi kukariri. Lakini kwa msomaji wa Bujumbura neno hili si la kamusi tu. Lina historia yake, na historia hiyo imewagusa hata wale ambao hawajawahi kukanyaga jengo la Bunge pale Kigobe. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi kanuni ya theluthi mbili ilivyoingia katika Katiba yetu, jinsi vyama vilivyoitumia kukwamishana, jinsi wapiga kura walivyochoka, na jinsi kanuni hiyo ilivyoondolewa hatimaye.

Hofu iliyozaa kanuni

Hatuwezi kuielewa kanuni hii bila kurudi nyuma hadi mwaka 1993. Katika uchaguzi wa wabunge wa Juni mwaka huo, FRODEBU ilipata viti 65 na UPRONA viti 16, kati ya viti 81. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na nchi ikaingia katika vita. Katika miaka iliyofuata, upinzani dhidi ya serikali ulitoka bungeni ukaingia mitaani. Wakazi wa Bujumbura wenye umri mkubwa wanazikumbuka siku za "villes mortes", yaani siku za mji mfu, ambapo maduka yalifungwa, magari hayakutembea na aliyetoka nyumbani alihatarisha maisha yake.

Kutokana na uzoefu huo mchungu, waliojadiliana Arusha hadi kutia saini Mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000 walikuwa na hofu za aina mbili. Wengi waliogopa kwamba ushindi wao ungenyang'anywa kwa bunduki. Wachache waliogopa kwamba wangemezwa kwa kura. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 28 Februari 2005 ilijaribu kuzituliza hofu zote mbili. Bungeni, asilimia 60 ya viti walipewa Wahutu na asilimia 40 Watutsi, Watwa wakatengewa viti vitatu, na wanawake wakahakikishiwa angalau asilimia 30. Juu ya hayo kukawekwa breki: Bunge lisingeweza kujadili sheria bila theluthi mbili ya wabunge kuwepo, na sheria isingepita bila kuungwa mkono na theluthi mbili ya waliohudhuria.

Nia ilikuwa njema. Aliyepata wengi alitakiwa kuzungumza na aliyepata wachache. Lakini breki haijui nani anaikanyaga wala kwa sababu gani.

Hesabu za mwaka 2007

Uchaguzi wa Julai 2005 uliipa CNDD-FDD viti 64 kati ya 118. FRODEBU ilikuwa na viti 30, UPRONA viti 15, na vyama vidogo pamoja na wawakilishi wa Watwa viti tisa. Theluthi mbili ya 118 ni 79. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza chama tawala kilikuwa na uwezo wa kuunda serikali, lakini hakikuwa na uwezo wa kupitisha sheria hata moja peke yake.

Mambo yalikwenda kwa kiasi hadi Februari 2007. Mwezi huo, mkutano mkuu wa CNDD-FDD uliofanyika Ngozi ulimwondoa Hussein Radjabu katika uenyekiti wa chama. Miezi miwili baadaye alikamatwa, na mwezi Aprili 2008 alihukumiwa kifungo cha miaka 13. Wabunge 22 waliomuunga mkono walijitenga na wenzao. Tufanye hesabu: toa 22 katika 64, wanabaki 42. FRODEBU na UPRONA nao walikuwa na malalamiko yao kuhusu nafasi zao serikalini, nafasi ambazo Katiba iliwahakikishia. Pande hizo tatu zikisusia kwa pamoja, wabunge waliobaki walikuwa 51. Akidi ya 79 ilikuwa ndoto.

Hivyo ndivyo Bunge lilivyokwama. Miswada ikarundikana. Mwezi Novemba 2007 yalifikiwa maelewano, serikali mpya ikaundwa na vyama vikarudi. Lakini mwanzoni mwa 2008 ugomvi ukaanza upya, safari hii kuhusu Alice Nzomukunda, aliyekuwa kiongozi wa pili wa Bunge, ambaye chama chake kilimfukuza. Mwezi Februari wabunge 46 walimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakiomba ulinzi. Mwezi Machi nyumba za baadhi ya wabunge mjini Bujumbura zilirushiwa maguruneti. Kanuni iliyotungwa ili watu wazungumze badala ya kupigana ilikuwa imezungukwa na milipuko.

Mwezi Juni 2008 suluhisho lilitoka mahakamani, wala si mezani. Mahakama ya Katiba iliamua kwamba wabunge wale 22 hawakuwa tena na haki ya kukaa bungeni, na nafasi zao zikachukuliwa na wengine kutoka orodha ya chama. Akidi ikapatikana. Hata hivyo funzo lililobaki lilikuwa baya: wanaokwamisha Bunge wanaweza kuondolewa, na kazi ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hasira ya mpiga kura

Je, mwananchi alikuwa wapi katika haya yote? Alikuwa akisikiliza redio. Katika Buyenzi na Bwiza, kama ilivyokuwa milimani, watu waliwasikia wabunge wakitoleana lawama kuhusu vyeo, huku bei za vyakula zikipanda na vita dhidi ya kundi la FNL vikiwa bado havijamalizika. Wahenga walisema: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Wabunge walisusia vikao, lakini mshahara wa mbunge haukususia.

Uchaguzi wa komini wa tarehe 24 Mei 2010 ulitoa picha ya hali hiyo. CNDD-FDD ilitangazwa kupata asilimia 64 ya kura. FRODEBU, iliyokuwa chama kikubwa cha nchi mwaka 1993, ilipata takriban asilimia tano tu. Vyama vya upinzani vilisema kura zimeibwa. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya waliona kasoro, lakini hawakusema kwamba kulikuwa na wizi mkubwa. Sehemu kubwa ya upinzani iliamua kufanya kile ilichozoea bungeni: ikasusia. Ilijitoa katika uchaguzi wa rais na wa wabunge. Matokeo yake, mwezi Julai 2010 CNDD-FDD ilipata viti 81 kati ya 106. Sasa theluthi mbili haikuhitaji mazungumzo na mtu yeyote. Kususia kikao kulikuwa kumewapa wachache nguvu; kususia uchaguzi kuliwanyang'anya.

Kura moja, kisha hakuna

Breki ilifanya kazi kubwa mara moja zaidi. Tarehe 21 Machi 2014 serikali ilipeleka bungeni mswada wa kubadili Katiba. Badiliko la namna hiyo lilihitaji nne kwa tano ya wabunge, yaani kura 85 kati ya 106. Zilipatikana 84. Mswada ulianguka kwa kura moja, hasa kwa sababu wabunge wa UPRONA waliukataa. Safari hii waliozuia hawakuukimbia ukumbi. Walikaa, wakahesabiwa, na suala lililokuwa mbele yao halikuwa vyeo bali Katiba yenyewe.

Mwaka uliofuata, hasira iliyokosa njia bungeni ilitokea barabarani. Kuanzia tarehe 26 Aprili 2015, Musaga, Nyakabiga, Cibitoke na mitaa mingine ya Bujumbura iliona maandamano dhidi ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei lilishindwa, watu wengi waliuawa, na mamia ya maelfu wakaikimbia nchi.

Tarehe 17 Mei 2018 kura ya maoni ilipitisha Katiba mpya. Kwa sheria za kawaida, theluthi mbili ya kura iliondoka, ikaja zaidi ya nusu. Katika uchaguzi wa 2020 chama cha CNL cha Agathon Rwasa bado kilipata viti 32. Machi 2024 Rwasa aliondolewa katika uongozi wa chama chake kwenye mkutano uliofanyika, kwa sadfa ya historia, kule kule Ngozi. Na katika uchaguzi wa Juni 2025, CNDD-FDD ilitangazwa kupata viti vyote 100 vilivyogombewa. Leo hakuna anayeweza kulikwamisha Bunge.

Si Burundi pekee

Msomaji asidhani kwamba tatizo hili ni letu tu. Nchini Marekani, tangu mwaka 1975, maseneta 60 kati ya 100 wanahitajika ili kufunga mjadala wa miswada mingi. Kanuni hiyo nayo hutetewa kama kinga ya wachache, lakini desturi ya kuzuia kwa maneno ilitumika pia kutetea ubaguzi: mwaka 1957 Seneta Strom Thurmond alizungumza kwa zaidi ya saa 24 akipinga sheria ya haki za raia. Vyama vilipokosa kuelewana kuhusu bajeti, ofisi nyingi za serikali zilifungwa kwa siku 16 mwaka 2013, na kwa siku 43 mwaka 2025. Huko pia wapiga kura hukasirika, na huko pia wapo wanaosema: ondoeni kizuizi hiki, wenye wengi wafanye kazi.

Hitimisho

Historia hii fupi inatufundisha kutofautisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Kuna kupinga, na kuna kukwamisha. Anayepinga hubaki ukumbini, husema sababu zake na hukubali kuhesabiwa. Anayekwamisha huondoka na ufunguo. Wabunge wa 2007 na 2008 walikuwa na malalamiko ya kweli, na baadhi yao walitendewa vibaya. Lakini kila kikao kilichokosa akidi kwa sababu ya ugomvi wa vyeo kilimzoesha mwananchi kuiona theluthi mbili kama mali ya wanasiasa, wakati ilikuwa ngao yake yeye. Siku ilipoondolewa, wengi hawakuona kwamba wamepoteza kitu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tunapowafundisha wanafunzi wetu neno "akidi", tusiishie kwenye maana ya kamusi. Tuwaambie pia kwamba kuna njia mbili za kulifanya Bunge lisiwe na kazi. Ya kwanza ni viti kuwa vitupu. Ya pili ni viti kujaa watu wenye jibu moja. Burundi imezijua zote mbili, tena ndani ya miaka isiyozidi ishirini.