Baldur's Gate: Historia ya Mchezo wa Kompyuta Uliotolewa Mara Mbili

Mchezo wa kompyuta huzeeka upesi kuliko kitabu, kwa sababu hauwezi kufunguliwa bila mashine na programu zilizokuwapo wakati ulipoundwa, ilhali mashine na programu hizo hubadilika kila baada ya miaka michache. Kutokana na hali hiyo, tasnia ya michezo imejenga desturi ya kutoa upya michezo ya zamani, yaani kuchukua kazi iliyokwisha kuuzwa na kusahauliwa na maduka, kuirekebisha ili ifanye kazi katika vifaa vya kisasa, kisha kuiuza tena kwa wachezaji ambao wengi wao walikuwa watoto, au hawajazaliwa, ilipotoka mara ya kwanza. Mojawapo ya mifano yenye mafunzo mengi ni Baldur's Gate, mchezo wa fantasia uliotolewa Desemba 1998 na kutolewa upya Novemba 2012. Historia yake inaonyesha kwamba umaarufu pekee hauwezi kuuokoa mchezo na kwamba uhai wake hutegemea zaidi mwenye haki za kuuuza, aliyetunza malighafi zake, na walioendelea kuucheza katika miaka ambayo hapakuwa na kampuni iliyoujali.

Asili ya mchezo huo ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974 na kampuni ya TSR, katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mchezo huo huchezwa na watu wachache waliokaa pamoja, kila mmoja akichukua nafasi ya mhusika kama vile mpiganaji, mchawi, kasisi au mwizi, huku mmoja wao akiwa msimulizi anayeeleza mazingira na kuamua hukumu, na jambo lolote lenye shaka likiachiwa dadu. Mwaka 1987 TSR ilichapisha ulimwengu wa kubuni uitwao Forgotten Realms, ulioasisiwa na Mkanada Ed Greenwood, wenye ramani, falme, miungu na historia yake, na katika ulimwengu huo ndimo ulimo mji wa bandari uitwao Baldur's Gate. Kampuni ya SSI ilikuwa imekwisha kuzihamishia kanuni za mezani katika kompyuta kwa michezo kama Pool of Radiance wa mwaka 1988, lakini kufikia katikati ya miaka ya 1990 aina hiyo ya michezo ilikuwa imepoteza mvuto sokoni.

Uzito wa kanuni hizo unaonekana katika mfano mmoja. Chapa ya pili ya kanuni za mezani, iliyotoka mwaka 1989 na ambayo ndiyo iliyofuatwa na Baldur's Gate, ilimpa kila mhusika namba iliyoitwa THAC0, nayo ni namba anayopaswa kuipata katika dadu yenye pande 20 ili ampige adui mwenye kinga ya sifuri. Kinga yenyewe ilihesabiwa kinyumenyume, kwani asiye na deraya wala ngao alikuwa na 10, na kadiri alivyozidi kujikinga ndivyo namba ilivyoshuka, hadi kupita sifuri na kuingia katika hasi. Kwa hiyo mpiganaji anayeanza, mwenye THAC0 ya 20, alipomkabili adui mwenye kinga ya 5, alitoa 5 katika 20 na kuhitaji dadu imwoneshe 15 au zaidi, jambo linalotokea mara 6 tu katika kila mara 20. Mezani hesabu hiyo ilifanywa kwa penseli na karatasi, na mara nyingi ilikatiza simulizi. Kompyuta iliifanya papo hapo, na mchezaji aliona upanga ukikosa au ukipata.

Iliyochukua jukumu la kuhamisha kanuni hizo ilikuwa kampuni changa ya BioWare, iliyoanzishwa mwaka 1995 mjini Edmonton, Kanada, na kundi lililojumuisha madaktari watatu wa tiba, Ray Muzyka, Greg Zeschuk na Augustine Yip, ambao kabla ya hapo walikuwa wametengeneza programu za kufundishia tiba. Kabla ya Baldur's Gate kampuni hiyo ilitoa mchezo mmoja tu, Shattered Steel wa mwaka 1996, na kazi kubwa ya Baldur's Gate iliifanya chini ya mchapishaji wake, kampuni ya Interplay ya California, iliyokuwa na leseni ya kutumia jina na kanuni za Dungeons & Dragons. Kwa kazi hiyo BioWare iliunda injini yake yenyewe, iitwayo Infinity Engine; na injini ya mchezo ni ule mfumo wa programu unaoendesha picha, sauti, mwendo na kanuni, ambao ukishaundwa unaweza kutumika katika michezo mingine. Uamuzi wa maana zaidi ulihusu wakati: mapambano yalikwenda mfululizo bila kusubiri zamu, lakini mchezaji aliweza kuyasimamisha kwa kubonyeza kitufe kimoja, akatoa amri kwa kila mmoja wa wahusika wake sita, kisha akaruhusu mapambano yaendelee. Kwa njia hiyo hesabu za mezani zilibaki, ila kusubiri zamu kukaondolewa.

Mchezo ulitoka ukiwa katika diski tano, jambo lililokuwa kubwa kwa wakati huo, na ukauza zaidi ya nakala milioni 2. Ulimfuata yatima aliyelelewa katika ngome ya maktaba iitwayo Candlekeep, ambaye baada ya mlezi wake Gorion kuuawa huingia njiani na kugundua hatua kwa hatua kwamba yeye ni mmoja wa wana wa Bhaal, mungu wa mauaji. Wafuasi anaowakusanya wana tabia, chuki na utani wao, na maarufu kuliko wote akawa Minsc, mpiganaji mwenye kichwa kisichotulia, anayeshauriana na Boo, hamsta wake, ambaye ni mnyama mdogo wa jamii ya panya. Nyongeza iitwayo Tales of the Sword Coast ilifuata mwaka 1999, na sehemu ya pili, Shadows of Amn, mwaka 2000, ikakamilishwa na Throne of Bhaal mwaka 2001. Injini hiyohiyo ilitumika pia katika Planescape: Torment wa mwaka 1999, Icewind Dale wa mwaka 2000 na Icewind Dale II wa mwaka 2002, ambayo yote ilitoka katika studio ya Black Isle, iliyokuwa tawi la Interplay.

Mbegu za uchakavu zilikuwamo katika ufundi uleule ulioupa mchezo sifa. Misitu, mashamba na mitaa yake haikuchorwa papo hapo na kompyuta ya mchezaji. Wasanii waliijenga kwanza kwa umbo la pande tatu, wakaigeuza kuwa picha bapa zilizokamilika, na picha hizo ndizo zilizotiwa katika diski. Zilikusudiwa kuonekana katika skrini yenye pikseli 640 kwa 480, yaani vitone 307,200 vya rangi. Skrini ya kawaida ya miaka ya baadaye, yenye pikseli 1,920 kwa 1,080, ina vitone zaidi ya milioni 2, takriban mara saba ya vile vya awali, kwa hiyo picha ya zamani ikiwekwa humo bila kukuzwa huwa ndogo mno, na ikikuzwa hupoteza ukali wake. Zaidi ya hayo, matoleo mapya ya mfumo wa Windows yalianza kugongana na programu iliyoandikwa kwa ajili ya matoleo ya miaka ya 1990.

Wakati huohuo wenye haki walitawanyika. TSR, iliyolemewa na madeni, ilinunuliwa mwaka 1997 na Wizards of the Coast, nayo Wizards ikanunuliwa na Hasbro mwaka 1999. Interplay ilianguka kifedha, ikapoteza leseni ya Dungeons & Dragons, na Desemba 2003 ikaifunga Black Isle, ilhali leseni ya kutengeneza michezo ya kompyuta kwa jina hilo ikawa mikononi mwa Atari. BioWare yenyewe ilinunuliwa na Electronic Arts katika makubaliano yaliyotangazwa mwaka 2007. Matokeo yake ni kwamba jina na ulimwengu wa mchezo vilikuwa vya kampuni moja, leseni ilikuwa kwa ya pili, na msimbo chanzo, yaani maandishi ya awali ya programu yanayosomeka na binadamu kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, ulikuwa kwa ya tatu. Hakuna hata moja kati yao iliyoweza kuutoa upya mchezo huo peke yake.

Katika pengo hilo wachezaji wenyewe ndio waliouweka hai. Bila kuwa na msimbo chanzo, walichunguza mafaili ya mchezo hadi wakafahamu mpangilio wake, wakaandika zana za kuyahariri, wakasahihisha mamia ya hitilafu, wakaongeza wahusika na visa vipya, na wakatengeneza kiraka kilichouwezesha mchezo kujaza skrini pana. Wengine walifanikiwa kuichezesha sehemu ya kwanza ndani ya injini iliyoboreshwa ya sehemu ya pili, na wengine wakaanza kuiandika injini nzima upya katika mradi huria uitwao GemRB. Kazi hizo zilifanywa bila malipo, na ndizo zilizothibitisha kwamba mchezo bado una wateja.

Nchini Polandi mambo yalichukua mkondo wa pekee. Kampuni ya CD Projekt ilikuwa imeutafsiri Baldur's Gate kwa Kipolandi mwaka 1999 na kuwapa waigizaji mashuhuri kazi ya kuusomea sauti, akiwamo Piotr Fronczewski, na mafanikio yake yakaipa kampuni hiyo nguvu ya kuendelea hadi kutengeneza mchezo wake yenyewe, The Witcher, mwaka 2007. Mwaka 2008 kampuni hiyohiyo ilifungua duka la mtandaoni la GOG, lililojishughulisha na michezo ya zamani iliyorekebishwa kidogo ili ifanye kazi katika kompyuta mpya, na mwaka 2010 Baldur's Gate ukaingia katika duka hilo. Mchezo ulikuwa umepatikana tena kihalali, ingawa kimsingi ulikuwa uleule wa 1998.

Hatua kubwa zaidi ilichukuliwa mjini Edmonton, palepale ulipozaliwa. Trent Oster na Cameron Tofer, waliowahi kufanya kazi BioWare, walianzisha kampuni ya Beamdog, wakajadiliana na wenye haki, na Machi 2012 wakatangaza toleo lililoboreshwa, ambalo baada ya kuahirishwa kutoka Septemba lilitoka tarehe 28 Novemba 2012 kwa Windows na mwezi uliofuata kwa kishikwambi cha iPad. Msimbo chanzo waliupata, lakini mafaili ya awali ya sanaa, yale maumbo ya pande tatu ambayo picha zote zilitokana nayo, hayakuwapo tena. Walijikuta katika hali ya mpiga picha aliyebaki na picha iliyosafishwa huku negativi yake imepotea: angeweza kuikuza na kuipangusa, lakini hangeweza kuisafisha upya kwa ukubwa mwingine. Ndiyo maana toleo jipya liliongeza uwezo wa kusogeza picha karibu na mbali, likajaza skrini pana na kukubali amri za kidole badala ya kipanya, ila mitaa na misitu yake ilibaki kuwa ileile ya 1998.

Penye uwezo wa kuchagua, watengenezaji hao walikuwa wahafidhina katika kanuni na wajasiri katika hadithi. THAC0 iliachwa kama ilivyokuwa, ingawa mchezo wa mezani wenyewe ulikuwa umeiacha tangu chapa ya tatu ya mwaka 2000, kwa hiyo mchezaji mpya wa 2012 alijifunza hesabu iliyokwisha kustaafishwa miaka 12 kabla. Hadithi, kwa upande mwingine, iliongezewa wafuasi watatu: Neera, mchawi asiyeweza kuidhibiti nguvu yake, Rasaad yn Bashir, mtawa mpiganaji, na Dorn Il-Khan, askari katili wa damu mchanganyiko. Wakosoaji walisema wageni hao wana maneno mengi kuliko wenyeji na kwamba uandishi wao unajitenga na ule wa zamani. Nyongeza ya Siege of Dragonspear, iliyotoka mwaka 2016 ili kuunganisha sehemu ya kwanza na ya pili, ilizua mabishano makali zaidi kuhusu wahusika na mazungumzo yake. Kazi ya kale ina walinzi wengi, na kila mmoja ana picha yake ya namna inavyopaswa kuwa.

Udhaifu wa kisheria nao haukwisha. Juni 2013, miezi michache baada ya tawi la Atari nchini Marekani kuomba kinga ya kufilisika, toleo lililoboreshwa liliondolewa sokoni kwa mgogoro wa mkataba na mchapishaji, na likarejea Agosti mwaka huo baada ya suluhu kupatikana. Baada ya hapo mambo yalinyooka: sehemu ya pili ilitolewa upya Novemba 2013, Icewind Dale mwaka 2014, Planescape: Torment mwaka 2017, na mwaka 2019 michezo hiyo ikafika katika mashine za michezo zinazounganishwa na televisheni. Studio ya Larian ya Ubelgiji ilipotoa Baldur's Gate 3 Agosti 2023, ilikuta jina ambalo bado lina wasomaji, wachezaji na bidhaa dukani, badala ya jina la kuchimbuliwa.

Mmoja tu katika familia hiyo ya michezo ulibaki nje. Icewind Dale II haukutolewa upya na Beamdog kwa sababu msimbo chanzo wake haukupatikana, na walioufanyia kazi ya kuuboresha ni wachezaji wa kujitolea, kwa nguvu zao wenyewe. Mchezo huo ulitumia injini ileile ya wenzake na ulitoka baada yao, hivyo umri hauwezi kulaumiwa. Tofauti ni kwamba msimbo wa wenzake ulihifadhiwa mahali fulani na wa kwake haukuhifadhiwa. Kampuni inayofunga mradi leo huwa haijui kazi ipi itahitajika baada ya miaka 15. Kwa hiyo kuhifadhi msimbo na malighafi zote za sanaa, na kuandika bayana katika mkataba nani atazimiliki kampuni ikifa, kunapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi yenyewe ya kutengeneza mchezo.