Mkalimani wa Ujiji na Watoto wa Kidahwe: Lugha Katika Shule za Pwani Yetu ya Tanganyika

Mwezi wa Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliwasili Ujiji wakiwa hoi kwa maradhi. Speke hakukijua Kiswahili kiasi cha kujitosheleza. Aliyemwezesha kusema na watu alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akapelekwa utumwani Bara Hindi, kisha akarejea Zanzibar baada ya kupata uhuru wake. Lugha iliyowaunganisha Speke na Bombay ilikuwa Kihindustani. Speke alisema kwa Kihindustani, Bombay akageuza kwa Kiswahili, na pale ambapo mwenyeji hakukijua Kiswahili alihitajika mtu mwingine wa kugeuza tena kwa lugha ya mahali.

Tumeanza na Bombay kwa makusudi. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba lugha za Kihindi ziliingia Kigoma pamoja na reli, mwaka 1914, zikiwa zimefungwa ndani ya mizigo ya babu zetu wenye maduka. Kumbe Kihindustani kilisikika ufukweni Ujiji miaka 56 kabla ya garimoshi la kwanza, na mmoja wa waliokisema alikuwa mtoto wa Afrika. Sherehe ya hekalu letu ni wakati mzuri wa kulikumbuka jambo hilo, hasa kwa kuwa mwaka huu kamati yetu imelazimika kujadili habari ya lugha na shule kwa namna ambayo haikutarajia. Tutalieleza hilo mbele.

Kwanza tuseme shule zilivyokuwa. Kabla ya Wazungu, mtoto wa Ujiji aliyesoma alisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na herufi zake za kwanza zilikuwa za Kiarabu, ingawa nyumbani alisema Kijiji, Kimanyema au Kiswahili. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Wajerumani walipotawala walikichagua Kiswahili kuwa lugha ya shule za serikali na ya maakida wao, kwa herufi za Kilatini. Kisha ikaja vita. Wabelgiji waliishika Kigoma tangu 1916 hadi 1921, wakaondoka, Waingereza wakaingia. Mtu mzima wa Kigoma wa wakati huo, asiyewahi kuvuka ziwa, aliweza kuwa ameamriwa na maofisa wa Kijerumani, wa Kifaransa na wa Kiingereza ndani ya miaka saba. Haishangazi kwamba wazee waliamini Kiswahili ndicho pekee kisichoondoka na bendera.

Waingereza waliendelea na Kiswahili, lakini waliigawa elimu kwa rangi. Palikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na fungu lake la fedha na lugha yake. Mwafrika alianza kwa Kiswahili, na wachache waliobahatika kuendelea wakahamia Kiingereza. Mhindi alianza kwa Kigujarati, au kwa Kiurdu, kisha akahamia Kiingereza, na Kiswahili akakiokota dukani na jikoni. Hatuna haja ya kuipamba habari hiyo. Watoto wetu walijifunza kusoma kwa lugha ya mama zao, na hiyo ilikuwa neema kubwa. Ila neema hiyo ilijengwa juu ya ukuta, na upande wa pili wa ukuta walikuwapo watoto wa majirani zetu waliosoma kwa lugha ambayo kwa wengi haikuwa ya mama zao, tena kwa fedha kidogo zaidi kwa kila kichwa.

Ukuta huo ulivunjwa na sheria. Kuanzia mwaka 1962 shule za Tanganyika ziliunganishwa, watoto wa rangi zote wakaketi pamoja. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi zote. Tunawakumbuka waliopita katika mabadiliko hayo, na baadhi yao watausoma ukurasa huu. Kigujarati kina neno *dada*, maana yake babu mzaa baba, na neno *kaka*, maana yake baba mdogo. Fikirini mtoto wa darasa la pili anayesimama na kulieleza darasa zima, kwa heshima zote, kwamba dada yake ana ndevu nyeupe. Kicheko kilichofuata kingali kinasikika katika familia zetu nyingi. Lakini katika kicheko hicho darasa lilijifunza kitu, maana mwalimu mwenye hekima hakumkaripia mtoto. Aliuliza neno hilo nyumbani kwao lina maana gani, kisha akaliandika ubaoni. Dakika mbili tu zilipotea kwenye somo.

Si walimu wote waliokuwa hivyo. Wapo miongoni mwetu, na wapo wengi zaidi miongoni mwa majirani zetu Waha, waliovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani katika uwanja wa shule, wakakivaa mpaka walipompata mwingine wa kumkabidhi. Shule hizo hatuzitaji. Tunataja kibao tu, kwa sababu kilifundisha somo moja kwa ukamilifu: kwamba lugha ya mama ni kitu cha kupelelezana.

Hapa ndipo tufike Kidahwe. Kwa msomaji aliye mbali, Kidahwe ni mahali katika Wilaya ya Kigoma ambapo barabara itokayo mjini hugawanyika, moja ikaelekea Kasulu, nyingine Uvinza. Nyumbani watu husema Kiha. Operesheni Kigoma ya 1972 iliwakusanya watu wa mkoa huu katika vijiji, na Elimu ya Msingi kwa Wote ya 1977 ikawaleta shuleni watoto ambao wazazi wao hawakupata kulishika daftari. Yalikuwa mafanikio ya kweli. Lakini mtoto wa Kiha wa miaka saba aliyeingia darasani aliambiwa mambo mawili kwa mpigo: jifunze kusoma, na ujifunze kwa lugha usiyoisema. Anamjua *inka* tangu alipoanza kutembea. Amemchunga, amekunywa maziwa yake. Ubaoni anakuta "ng'ombe". Mtoto wa Unguja anapolisoma neno hilo anatambua sauti aliyokwisha kuisikia. Mtoto wa Kidahwe anatamka herufi sawasawa kabisa, kisha anamtazama mwalimu, kwa sababu hakuna mnyama yeyote aliyetokea kichwani mwake. Mwalimu mgeni, aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine, huandika kwamba mtoto huyo ni mzito.

Wala safari haiishii hapo. Akifaulu darasa la saba, kidato cha kwanza kinamngoja kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, walizichunguza shule zetu na kuona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakukimudu Kiingereza kiasi cha kujifunzia masomo mengine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikakifungulia tena Kiswahili mlango katika ngazi zote, na hadi leo sekondari zetu za serikali zinafundisha kwa Kiingereza. Mjadala huo mkubwa tunawaachia wenye mamlaka. Tunaona tu kwamba wanaojadili Kiswahili na Kiingereza hubishana juu ya hatua ya pili na ya tatu, na ile ya kwanza, ya kutoka Kiha kwenda Kiswahili, haina msemaji.

Ukitaka kuona kwamba jambo hilo lingeweza kuwa vingine, fuata barabara ya Kasulu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na tangu 2015 ikapokea Warundi wengi. Kwa kuwa watu hao wanatarajiwa kurudi kwao, shule za kambini zimefuata mitaala ya Kongo na ya Burundi. Na Burundi madarasa ya kwanza hufundishwa kwa Kirundi, Kifaransa kikitwaa nafasi baadaye. Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja. Mha na Mrundi husemezana bila mkalimani. Basi katika mkoa huu mmoja, watoto wawili wanaoelewana kwa lugha za mama zao wamejifunza kusoma kwa njia mbili. Mkimbizi, aliyepoteza karibu kila kitu, alianza kwa lugha yake. Mwenyeji alianza kwa lugha ya jirani. Hatusemi kwamba kambini ni kwema. Kila mmoja wetu anajua shida za kambi, na mtoto anayesoma kwa Kirundi na Kifaransa ndani ya nchi ya Kiswahili ana mashaka yake mwenyewe. Tunasema tu kwamba jambo lenyewe linawezekana, na limewezekana karibu nasi.

Wala serikali haikulala. Kati ya 2014 na 2020 mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza, ulifanya kazi Kigoma pamoja na mikoa mingine. Katika vijiji visivyokuwa na darasa la awali uliendesha mafunzo mafupi ya kuwaandaa watoto kuingia shule, kwa hadithi, michezo na nyimbo, hasa kwa wale wasiosema Kiswahili nyumbani. Waliofundisha ni wasaidizi waliochaguliwa na jamii yenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililotuvutia. Msaidizi wa kijijini anajua kwamba mtoto amenyamaza kwa sababu hakuelewa, na anajua neno moja la Kiha litakalomtoa kimya hicho. Ni Bombay wa darasa la awali. Baada ya mradi huo umekuja mwingine, Shule Bora, na Kigoma imo tena.

Sasa tuseme habari ya kamati. Ilipopangwa sherehe hii ilikubaliwa kwamba sehemu ya fedha itoke kwenda kwa majirani zetu wa Kidahwe, na wazo la kwanza, lililotukaa vichwani kwa wepesi, lilikuwa kununua vitabu vya Kiingereza. Wengi wetu tunaamini Kiingereza ndicho kilichowafikisha watoto wetu Dar es Salaam, na kutoka huko Leicester na London. Tulipokwenda kuwaona wazazi, bibi mmoja alitusikiliza mpaka tukamaliza, akatushukuru, kisha akatuuliza kwa Kiha swali ambalo kijana wake alitugeuzia: vitabu hivyo nani atawaambia watoto vinasema nini? Hatukuwa na jibu. Tuliporudi mjini mabishano yalichukua jioni mbili. Mzee wetu mmoja alisimamia vitabu vya Kiingereza hadi mwisho, na sababu zake hazikuwa za kipuuzi: mtihani, alisema, hauulizi umeota kwa lugha gani.

Lakini jioni ile ya pili mama mmoja, tunayemwita *ba* sote, alileta chopda, daftari la hesabu la baba yake, lile linalobarikiwa wakati wa Diwali. Alilifungua mezani na kuwaomba vijana walisome. Tarakimu walizikisia. Maneno hawakuyaweza. Vijana hao hao huimba bhajani kila juma bila kukosea neno, kwa vitabu vilivyoandikwa Kigujarati kwa herufi za Kilatini. Hakuna aliyetunyang'anya Kigujarati. Tulikiacha mlangoni mwa shule mwaka baada ya mwaka, tukidhani nyumba itakitunza peke yake. Na huko Leicester, tunaambiwa na jamaa zetu, wajukuu wanapelekwa darasa la Jumamosi wakajifunze kuandika herufi ambazo mababu zao waliziandikia kando ya ziwa hili.

Kwa hiyo fedha zimegawanywa. Vitabu vya Kiingereza vitanunuliwa, vichache kuliko ilivyokusudiwa. Sehemu kubwa itachapa kitabu kidogo cha hadithi ambazo wazee wa Kidahwe wamezisimulia wenyewe, kila ukurasa una safu ya Kiha na safu ya Kiswahili, kwa ajili ya kusomwa nyumbani na barazani, kwa kuwa shuleni lugha ya kufundishia ni Kiswahili na hatukusudii kuivuka sheria. Sera ya Utamaduni ya 1997 inazitambua lugha zetu za asili kuwa hazina ya taifa, na tumejiegemeza hapo. Kijana wa yule bibi ndiye anayeandika Kiha. Kazi si rahisi, kwa maana hata yeye, aliyemaliza kidato cha nne, hakuwahi kukiandika. Hubishana na bibi yake juu ya kila neno, na mara nyingi bibi hushinda.

Mtu mmoja katika kamati alipendekeza iongezwe safu ya tatu, ya Kigujarati, ili watoto wetu wa hekaluni wasome hadithi zile zile, wamjue sungura wa Kidahwe kwa herufi za mababu zao. Pendekezo lilipokelewa kwa makofi. Safu hiyo imepimwa na nafasi yake imeachwa. Hadi tunapopeleka jarida hili mtambani ni kurasa nne tu zilizojazwa, zote kwa mkono wa ba, ambaye macho yake hayamruhusu kuandika zaidi ya nusu saa kwa siku. Anayeweza kumsaidia, awe Kigoma au popote alipo, aonane na kamati baada ya ibada ya jioni.