Kalamu ya mke, mfuko wa mume

Oktoba 1773, mshairi Phillis Wheatley wa Boston alimwandikia David Wooster wa New Haven barua ya biashara. Alimwomba amtafutie wanunuzi wa kitabu chake cha mashairi na awazuie wachapaji wa huko wasikichape bila ruhusa. Nusu ya mauzo ni yangu, alieleza.

Muda mfupi kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa mali ya mtu. Aliletwa kutoka Afrika mwaka 1761 akiwa mtoto wa miaka kama saba, akapewa jina la meli iliyomleta. Kitabu chake kilikosa wanunuzi wa kutosha Boston, kikachapwa London. Hata hivyo, ilibidi wakubwa 18 wa Boston, gavana akiwa mmoja wao, wathibitishe kwa maandishi kwamba mashairi hayo ni yake kweli.

Alipopata uhuru, Wheatley angeweza kushika fedha zake kwa sababu hakuwa na mume. Sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza ilisema mwanamke akiolewa, kipato chake ni cha mumewe, wala hawezi kuingia mkataba kwa jina lake. Aliolewa na John Peters mwaka 1778. Mwaka uliofuata alitangaza kitabu cha pili, lakini vita vya uhuru wa Marekani vilikuwa vimekausha mifuko ya watu na wanunuzi hawakutosha. Alifariki mwaka 1784 akiwa fukara.

Suala hilo la mali liliingia hadi kwenye riwaya. Katika *The Coquette* (1797), Hannah Webster Foster alimchora Meja Sanford, mlaghai anayempenda Eliza, mhusika mkuu, lakini anamwoa mwanamke mwingine kwa ajili ya utajiri wake, kisha anaufuja wote. Kitabu kiliuzwa sana, ila jalada lilisema tu kimeandikwa na bibi mmoja wa Massachusetts. Jina la Foster lilichapwa mwaka 1866, yeye akiwa kaburini tangu 1840.

Susanna Rowson naye aliandika kitabu *Charlotte Temple*, kilichotoka London mwaka 1791 na Philadelphia mwaka 1794. Kilipita matoleo 200. Lakini kwa kuwa kilitangulia kutoka Uingereza, sheria ya hakimiliki ya Marekani haikukilinda, na wachapaji walijichapia bila kumlipa. Biashara ya mumewe ilikuwa imefilisika, kwa hiyo Rowson alilisha nyumba kwa kuigiza jukwaani, na kuanzia 1797 kwa shule ya wasichana aliyoifungua Boston.

Massachusetts ilimruhusu mke kumiliki kipato chake mwaka 1855. Kabla ya hapo, sifa za kitabu zilikuwa za mwandishi. Malipo, kama yalikuwapo, yalikuwa ya mumewe.