Mimea Inayoua Konokono wa Kichocho: Namna Saponini Zilivyopatikana

Minyoo ya kichocho haiwezi kumfikia binadamu bila kukua kwanza ndani ya konokono wa maji baridi. Mwanza ina kichocho cha aina mbili. Cha tumbo huenezwa na konokono wa jenasi Biomphalaria, wakaao kwenye magugu ya ufukwe wa Ziwa Victoria. Cha mkojo huenezwa na Bulinus, hasa kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Ukiua konokono, mzunguko umekatika. Ila dawa za viwandani za kuwaua zilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na ndiyo maana mimea ikatafutwa.

Mwaka 1964, huko Adwa, Ethiopia, mtaalamu wa vimelea Aklilu Lemma aliona konokono wengi wamekufa mtoni, chini kidogo ya mahali watu walipofulia nguo kwa matunda ya endod (Phytolacca dodecandra). Povu la matunda hayo hutokana na saponini, na swali likawa ni ipi hasa inayoua.

Jibu lilitegemea konokono wenyewe. Mchujo wa matunda hupitishwa kwenye bomba la kioo lililojazwa silika, viambato vikashuka kwa zamu. Kila fungu hutiwa kwenye chombo chenye konokono hai. Linaloua hutenganishwa tena, yasiyoua huwekwa kando. Kwa njia hiyo Robert Parkhurst na wenzake, California, walizipata saponini hizo miaka ya 1970, na mojawapo ikaitwa lematoksini kwa heshima ya Lemma.

Baadaye maabara ya Kurt Hostettmann, Lausanne, ilibaini jambo la ajabu: methanoli, kiyeyusho kinachopendwa na wanakemia, ilitoa saponini zisizoua. Ndani ya tunda saponini hubeba minyororo miwili ya sukari. Likipondwa majini, kimeng'enya chake hukata mmoja, na hapo ndipo sumu huzaliwa. Methanoli hukizima kimeng'enya hicho. Wafuaji wa Adwa walikuwa wakitumia njia iliyo sahihi.

Nchini Tanzania, majaribio ya Ifakara yaliyochapishwa mwaka 1986 yalitumia maganda ya Swartzia madagascariensis, mti wa miombo, yaliyotolewa sumu kwa maji tu. Konokono walikufa. Lakini saponini huua samaki pia, na maganda hayohayo yametumika tangu zamani kuvulia. Dawa ya namna hii hufaa lambo lisilo na samaki. Ufukwe wa ziwa linalolisha wavuvi unabaki kutegemea vidonge vya prazikwanteli, vyoo na maji safi.