Picture Post na Picha Zilizozuiwa

Tarehe 1 Oktoba 1938, Waingereza walianza kuuziwa gazeti jipya la picha la kila wiki, Picture Post, kwa peni tatu tu. Haikupita miezi mingi likawa linauza nakala zaidi ya 1,000,000 kwa wiki.

Fedha zilikuwa za Edward Hulton, lakini roho ya gazeti ilitoka kwa wakimbizi. Mhariri wake, Stefan Lorant, Myahudi wa Hungaria, alifanya kazi Munich mpaka Wanazi walipomfunga mwaka 1933. Wapigapicha wake wa mwanzo, Kurt Hutton na Felix Man, walitoka Ujerumani. Walikuja na Leica, kamera ndogo ya kushika mkononi, wakawafuata watu walipo badala ya kuwapanga mstari. Itazame picha ya Hutton ya mwaka 1938 kutoka Southend: wasichana wawili kwenye bembea ya mwendo kasi, vinywa wazi kwa kicheko, upepo umewapeperusha nguo.

Novemba 1938, Lorant alichapa nyuso za wakuu wa Wanazi pamoja na nyuso za wasomi na wasanii walioteswa nao. Msomaji alihitaji maelezo machache sana.

Lorant alipohamia Marekani mwaka 1940, Tom Hopkinson akashika uhariri. Januari 1941, mabomu yakiwa bado yanaiangukia London, alitoa toleo zima kuhusu Uingereza ya baada ya vita: kazi, makazi bora na matibabu kwa wote. Ripoti mashuhuri ya Beveridge, iliyoweka msingi wa hifadhi ya jamii Uingereza, ilitoka baadaye, mwishoni mwa 1942.

Kisha vikaja Vita vya Korea. Mwaka 1950 mwandishi James Cameron na mpigapicha Bert Hardy walirudi na habari za wafungwa wa kisiasa walioteswa na serikali ya Syngman Rhee wa Korea Kusini, serikali ambayo majeshi ya Uingereza yalikuwa yakiipigania. Hopkinson alizihakiki, akaziandaa kwa uchapishaji. Hulton akazizuia, na Hopkinson alipokataa kurudi nyuma, akafukuzwa.

Wengi husema Picture Post iliuawa na televisheni. Televisheni ilichangia, sikatai. Lakini mimi naona ugonjwa uliingia siku ile, kwa kuwa gazeti lililojengwa juu ya kuonyesha lilianza kuficha. Lilifungwa mwaka 1957.

Hopkinson hakuiacha kazi. Mwaka 1958 alikwenda Afrika Kusini kuhariri jarida la Drum, na katika miaka ya 1960 alikuwa Nairobi akiwafundisha waandishi wa habari wa Kiafrika. Sehemu hiyo ya habari yake ni yetu. Waliokaa katika madarasa yale, au watoto wao, nawaomba waandike wanayoyakumbuka na kuzitunza picha walizo nazo.