Mkimbizi na Mkimbiaji

Msomaji, katika lugha yetu mkimbizi na mkimbiaji ni watoto wa neno moja, kukimbia. Mmoja hukimbia hatari, na mwingine hukimbilia ushindi. Habari ninayotaka kukueleza ni ya watu waliokuwa wote wawili kwa pamoja.

Ukitoka Lodwar, mji mkuu wa Turkana, ukafuata njia ya kaskazini-magharibi kwa kilomita zipatazo 120, utafika Kakuma. Hapo pana kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992, vijana wa Sudan walipokuwa wakikimbia vita. Nchi ni kavu, na jua lake huchoma tangu asubuhi hata jioni. Rose Nathike Lokonyen alifika kambini mwaka 2002 akiwa mtoto. Hakujua kwamba ana mbio mpaka alipokuwa mtu mzima, mwalimu mmoja alipomshauri ashindane katika kilomita 10. Alikimbia bila mazoezi, akawa wa pili.

Mwaka 2015 Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York, alitafuta wakimbiaji kambini humo. Waliochaguliwa walipelekwa Ngong kufundishwa, na mwaka 2016 watano kati yao walikwenda Rio de Janeiro katika kikosi cha kwanza cha wakimbizi kushiriki Olimpiki. Rose ndiye aliyeshika bendera, na ulimwengu ukawashangilia.

Kisha mbio zikaanza. Yiech Pur Biel alimaliza mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 54.67, hali David Rudisha wa Kenya alishinda fainali kwa dakika 1 na sekunde 42.15. Rose alitumia dakika 2 na sekunde 16.64. Katika watano hao hapana hata mmoja aliyevuka mchujo wa kwanza.

Je, tuseme hawakuwa na kipaji? Usikate shauri upesi. Mtazame kwanza Paul Ereng, Mturkana aliyezaliwa Kitale. Yeye alisoma Starehe, Nairobi, kisha akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Mita 800 alianza kuzishindania mwaka 1988, na mwaka huohuo akatwaa nishani ya dhahabu mjini Seoul kwa dakika 1 na sekunde 43.45. Jambo hilo lafanana na muujiza, lakini si muujiza: alikuwa amekwisha zoezwa katika mita 400, naye alikuwa na shule, chakula na walimu wa mbio.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Rose na wenzake walipata miezi michache tu ya kujiandaa. Mwaka 2021, huko Tokyo, Rose alikimbia kwa dakika 2 na sekunde 11.87, karibu sekunde tano chini ya wakati wake wa Rio. Hata hivyo hakuvuka mchujo. Kipaji kilikuwapo; kilichokosekana ni miaka ya utotoni, nayo hairudi.

Basi, msomaji, usomapo majina ya walioshindwa, uliza walianzia wapi. Na ukimwona mdogo wako akiwapita wenzake njiani kwenda shule, usingoje akue. Mwambie mwalimu wenu leo.